Baridi ya Timboroa, Joto la Malaba: Namna ya Kutunza Oili ya Giaboksi Safarini

Mkazi wa Malaba akishauriwa ajihadhari na baridi, huenda akacheka. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huwaka hadi karibu nyuzijoto 30, na usiku wengi wetu hutosheka na shuka moja. Lakini malori yanayosubiri zamu yao katika foleni yetu hayakuanzia safari hapa, wala hayaishii hapa. Lori lililofika mpakani saa kumi jioni huenda lilipitisha usiku Timboroa, ambako dereva aliamka akapuliza viganja vyake kabla ya kushika usukani. Lingine linalovuka leo kuelekea Rwanda litapita Kabale, ambako nyakati za usiku joto hushuka hadi karibu nyuzijoto 10. Watoto wetu ndio madereva wa malori hayo, ndugu zetu ndio matingo wake, na wazee wetu wengine ndio wenyewe.

Kwa sababu hiyo, katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo madereva hutuuliza mara kwa mara: kwa nini gia hukataa kuingia asubuhi ya baridi, gari lipashwe moto kwa muda gani, na oili ya giaboksi itunzwe vipi katika safari inayoanzia kwenye ukungu na kuishia kwenye jua kali? Tutaeleza pia kwa nini swali hili, linaloonekana kuwa la fundi, linahusu uhai wa watu.

Kwa nini polisi tunazungumzia oili

Sisi si mafundi wa magari, na hatuna nia ya kuwanyang'anya mafundi kazi yao. Hata hivyo, sisi ndio tunaoitwa gari linapokwama. Lori moja likiharibika giaboksi katikati ya barabara inayoelekea mpakani, foleni hurefuka, gari la wagonjwa hukosa njia, na waendeshaji wa bodaboda hulazimika kupita ukingoni pamoja na wanafunzi na akina mama wanaotoka sokoni. Aidha, sisi ndio tunaofika kwanza lori linaposhindwa kusimama mteremkoni.

Sheria nayo inagusa jambo hili. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote zitunzwe katika hali ambayo haitahatarisha watu linapoendeshwa. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wanaongozwa na Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, ambayo pia hairuhusu gari bovu kuhatarisha watumiaji wa barabara. Kwa hiyo, dereva anayeitunza giaboksi yake analinda mali ya tajiri wake, na wakati huo huo anatimiza wajibu wake wa kisheria kwa kila anayekutana naye njiani.

Kazi ya oili, na namna baridi inavyoibadilisha

Giaboksi ni sanduku la chuma lenye meno yanayopokea nguvu kutoka kwa injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Meno hayo husagana kwa nguvu kubwa mno. Oili huweka utando mwembamba kati ya chuma na chuma, huondoa joto na huzuia kutu. Katika malori mengi yenye gia za mkono, oili hutulia chini ya sanduku, na meno yanapozunguka huichota na kuirusha juu ili ifike kwenye beringi na shafti. Katika magari ya otomatiki, oili ina kazi kubwa zaidi: husukumwa na pampu, na shinikizo lake ndilo linalobadilisha gia.

Tuchukue mfano wa uji wa wimbi. Ukiwa moto, uji hutiririka kutoka kwenye sufuria hadi kikombeni bila shida. Ukiachwa upoe usiku kucha, hushikamana, na mwiko hupita kwa taabu. Oili ya giaboksi ina tabia inayokaribiana na hiyo. Ikipoa huwa nzito, huchelewa kufika kwenye beringi na huyafanya meno yazunguke kwa uzito. Ndiyo maana dereva wa gia za mkono huona rungu la gia limekuwa gumu alfajiri, na wa otomatiki huona gari likisita kidogo kabla ya kusogea.

Joto kupita kiasi nalo lina madhara yake. Oili ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzijoto 80 na 95 hivi. Ikipita nyuzijoto 120, huanza kuchakaa haraka. Mafundi wana kanuni yao ya makadirio: kila joto linapozidi kiwango cha kawaida kwa nyuzijoto 10 hivi, umri wa oili hupungua karibu nusu. Oili iliyoungua hupoteza utelezi wake, huacha masizi na kuharibu sili za mpira, na hatimaye huvuja.

Oili basi ina maadui wawili, baridi na joto, na barabara yetu ina wote wawili.

Alfajiri katika nyanda za juu

Barabara kuu inayotoka Nakuru kuja Malaba hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Wazee waliofanya kazi katika reli watakumbuka kwamba stesheni ya Timboroa ilisifika kuwa ya juu kuliko zote katika nchi za Jumuiya ya Madola. Kutoka hapo barabara hushuka kupitia Burnt Forest hadi Eldoret, yenye mwinuko wa karibu mita 2,100, kisha Webuye na Bungoma, hadi kwetu.

Kwa kawaida hewa hupoa kwa karibu nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tofauti ya Timboroa na Malaba ni karibu mita 1,500, yaani takriban nyuzijoto 9. Mwezi wa Julai, ambapo sehemu hizo huwa na baridi kali, usiku joto hushuka chini ya nyuzijoto 10. Lori lililozimwa hapo jioni huamka likiwa na oili baridi kama hewa iliyolizunguka.

Dereva afanye nini? Kwanza, kabla ya kuwasha injini, ainame atazame chini ya gari. Doa jipya la oili ardhini ni habari ya mapema, na oili iliyopungua ndiyo inayoungua upesi mchana. Pili, awashe injini na kuiacha ingurume kwa utulivu. Kwa gari dogo, dakika moja au mbili zinatosha. Kwa lori lenye breki za hewa, asiondoke hadi shinikizo la hewa lifike kiwango kinachotakiwa na taa ya tahadhari izimike. Dakika hizo za kusubiri hewa huipa oili ya injini nafasi ya kusambaa.

Tatu, na hapa wengi hukosea, asikanyage mafuta kwa nguvu gari likiwa limesimama akidhani anapasha giaboksi. Injini hupata joto kwa sababu mafuta huungua ndani yake. Giaboksi haina moto wake yenyewe. Joto lake hutokana hasa na kufanya kazi, yaani kuzungusha meno yenye mzigo. Ukiiacha injini ingurume nusu saa nzima, utakuwa umechoma dizeli ya bure, na oili ya giaboksi itakuwa bado nyuma sana. Njia bora ya kuipasha ni kuliendesha gari polepole. Katika kilomita za kwanza, dereva abadilishe gia bila pupa, asikanyage mafuta hadi mwisho, na asilipite gari lingine isipokuwa pana haja. Sindano ya joto la injini ikifika mahali pake, akumbuke kwamba giaboksi bado inafuata nyuma na mara nyingi huhitaji kilomita zaidi ya 10 ili ifike. Mwenda pole hajikwai.

Wenye magari ya otomatiki yaliyoagizwa kutoka Japani, ambayo yamejaa pande zote mbili za mpaka, wasishtuke wakiona asubuhi injini inalia kwa sauti ya juu kuliko kawaida na gia ya mwisho inachelewa kuingia. Magari mengi yameundwa hivyo makusudi ili oili ipate joto upesi. Hali hiyo ikiendelea hata baada ya safari ndefu, hapo fundi aitwe.

Waendeshaji wa bodaboda nao wasijione kuwa nje ya somo hili. Katika pikipiki nyingi za kazi, oili inayolainisha injini ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia na klachi. Kijana anayetoka Cheptais, Kapsokwony au Kapchorwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon asubuhi na mapema aiache pikipiki yake ingurume dakika moja au mbili, kisha aanze kwa mwendo wa taratibu.

Mambo matatu ya kuepuka asubuhi ya baridi

La kwanza ni kuwasha moto au kuweka jiko la makaa chini ya giaboksi au tangi. Katika nchi ambazo joto hushuka hadi nyuzijoto 30 chini ya sifuri, kama vile Kanada na Urusi, watu hutumia vifaa maalumu vya umeme kupasha injini. Baridi ya kwetu haijafika huko, na mwendo wa polepole unatosha. Moto ulio wazi karibu na dizeli, sili za mpira na nyaya za umeme unaweza kuteketeza lori, shehena na nyumba za jirani.

La pili ni kujifungia na moshi. Injini ikiwaka ndani ya gereji iliyofungwa, au jiko la makaa likiwekwa ndani ya chumba cha dereva ili apate joto akilala, hutokea hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuikimbia. Dereva ajifunike blanketi zaidi na aliache jiko nje.

La tatu ni kuliacha gari likinguruma bila mtu na kwenda kunywa chai. Gari la namna hiyo humrahisishia mwizi kazi, na likiibwa karibu na mpaka, kila dakika inayopita humsogeza mwizi kwenye vichochoro. Anayepasha gari moto akae ndani yake, au amwache mtu anayemwamini.

Mteremko hauna huruma

Sasa tufike mahali ambapo oili hugeuka kuwa suala la uhai. Dereva anayetoka Malaba akirudi Mombasa akishapita Timboroa na Mau Summit hukutana na mteremko mrefu wa Sachangwan hadi Salgaa. Jina la Salgaa linajulikana kila nyumba yenye dereva. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana eneo la Migaa, katika barabara hiyo hiyo, na watu 36 wakafariki. Baada ya hapo serikali ilijenga ukingo wa zege kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka.

Kwa miaka mingi, moja ya sababu zilizotajwa kuhusu ajali za malori katika eneo hilo ni tabia ya kuteremka kwa nyutro ili kubana dizeli. Dereva hutoa gia, lori hushuka kwa uzito wake, naye huhesabu lita alizookoa. Tuhesabu naye alichopoteza.

Kwanza, amepoteza breki ya injini. Lori likiwa katika gia ndogo, injini hulishikilia na kulizuia lisikimbie. Katika nyutro, mzigo wote huangukia breki za magurudumu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56. Breki zinazolazimika peke yake kushika uzito kama huo mteremko mzima hupata joto kali mno hadi zikashindwa kushika. Dereva hukanyaga pedali, na lori huendelea kukimbia.

Pili, ameinyima giaboksi oili. Lori likishuka kwa kasi katika nyutro, shafti inayokwenda kwenye magurudumu huzunguka mbio, ilhali sehemu inayozungushwa na injini, ambayo kwa kawaida huchota na kurusha oili, huzunguka polepole. Katika gari la otomatiki, pampu ya oili huendeshwa na injini, na injini inaponguruma kwa utulivu pampu hutoa oili kidogo wakati sehemu nyingine zinazunguka kwa kasi kubwa. Beringi hukauka na kuungua. Dizeli iliyookolewa haifikii hata robo ya gharama ya giaboksi mpya.

Tatu, huenda asiweze kuirudisha gia, na hapa ndipo baridi inapokutana na mteremko. Fikiria dereva aliyelala Mau Summit. Ameamka saa kumi na moja alfajiri, oili ni nzito, na dakika chache baadaye ameanza kushuka. Lori linaongeza kasi, naye anataka kupunguza gia. Anatoa gia aliyokuwa nayo, lakini ile ndogo inakataa kuingia, kwa sababu oili nzito haijaruhusu meno kulingana mwendo. Sasa yuko katika nyutro bila kukusudia, akiwa na tani nyingi mgongoni, huku kasi ikizidi kupanda. Kila sekunde anayopigana na rungu la gia, nafasi ya gia kuingia inapungua.

Kinga yake ni rahisi. Gia ya kuteremkia ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka, lori likiwa polepole kabisa. Aliyelala karibu na mteremko aendeshe kwanza taratibu penye tambarare hadi gia ziingie kwa wepesi. Katika mteremko, abaki katika gia hiyo, atumie breki ya ekzosi ikiwa ipo, na akanyage breki kwa vipindi, asiishikilie mfululizo. Dereva wa gari dogo la otomatiki aiteremshe gia hadi namba 2 au L badala ya kuliacha katika D au N. Gia inayokataa isilazimishwe kwa nguvu. Akanyage klachi mara mbili, na akiona bado inakataa, alisimamishe lori mapema angali anaweza.

Mizigo ya petroli inahitaji uangalifu wa ziada. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mwezi Julai 2021, huko Malanga katika barabara ya Kisumu kwenda Busia, watu walikufa kwa namna hiyo hiyo. Tunarudia bila kuchoka: lori la mafuta likianguka, kimbieni mbali nalo, na mwazuie watoto.

Foleni ya Malaba na hatari ya joto

Dereva aliyeepuka hatari za baridi asifikiri kwamba kazi imekwisha akifika tambarare. Foleni ya mpakani ina mtihani wake. Gari husogea hatua chache, husimama, husogea tena. Upepo haupiti kwenye rejeta wala kwenye kipoza oili, na jua linachoma lami. Katika hali hiyo oili ya giaboksi ya otomatiki inaweza kupata joto kuliko ilivyokuwa barabarani.

Foleni ikisimama kwa dakika kadhaa, dereva wa otomatiki aweke N au P na avute breki ya mkono, badala ya kubaki katika D huku amekanyaga breki. Gari lililosimama halina tatizo na nyutro. Tunachokataza ni nyutro ya mteremkoni. Ikiwa foleni haisogei kabisa, injini izimwe. Dereva wa gia za mkono asilishikilie gari kwenye mlima kwa klachi nusu. Badala ya kusogea kila mwenzake anapopiga hatua moja, asubiri nafasi ifike urefu wa gari, kisha asogee mara moja.

Wapo pia wanaoziba rejeta kwa kadibodi wakiwa sehemu za baridi ili injini ipate joto upesi. Kwa hali ya hewa ya kwetu hakuna haja, kwani thamostati hufanya kazi hiyo. Aliyeiziba na akasahau kadibodi yake hadi Bungoma atachemsha injini na giaboksi pamoja.

Dalili za oili iliyozidi joto ni hizi: harufu ya kuungua, gia kuchelewa kuingia, injini kupandisha mlio bila gari kuongeza mwendo, au taa ya tahadhari kwenye dashibodi. Ukiona mojawapo, toka barabarani mahali salama, weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, na wala usiweke mawe au matawi ambayo mwendesha bodaboda atayagonga usiku. Kama oili haivuji, gari la otomatiki liachwe katika P injini ikinguruma kwa utulivu dakika chache, ili oili izunguke kwenye kipoza. Kama inavuja, zima injini. Usimwagie giaboksi maji baridi ikiwa moto, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka.

Kuchagua oili na kuipima

Kwenye chupa ya oili ya gia utaona maandishi kama 80W-90 au 75W-90. Herufi W inahusu majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W huonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi: kadiri ilivyo ndogo, ndivyo inavyotiririka kwa wepesi. Namba ya mwisho huonyesha uzito wake ikiwa moto. Kwa hiyo, oili ya 75W-90 na ya 80W-90 hukaribiana katika joto la Malaba, lakini ya kwanza hutiririka vizuri zaidi kwenye baridi ya alfajiri ya Timboroa. Hata hivyo, neno la mwisho ni la kitabu cha gari. Giaboksi za otomatiki huhitaji oili yake maalumu, na zile zinazotumia mkanda badala ya meno huhitaji nyingine tofauti. Kuchanganya oili kwa sababu rangi zinafanana ni kosa la gharama kubwa.

Oili hupanuka ikipata joto. Giaboksi iliyopimwa ikiwa baridi na kujazwa hadi alama ya moto itafurika mchana. Magari mengi ya otomatiki hupimwa oili ikiwa moto na injini ikiwaka, lakini mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana kijiti cha kupimia. Someni kitabu au mwulizeni fundi anayelijua gari hilo. Oili ya otomatiki iliyokuwa nyekundu ikigeuka kahawia iliyokolea au nyeusi na kunuka kuungua, inaomba kubadilishwa.

Jihadharini pia na oili bandia. Chupa za zamani huweza kujazwa oili iliyochujwa na kuuzwa kama mpya. Nunueni dukani panapotolewa risiti, kagueni kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, na tazameni alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya au ya mwenzake wa Uganda. Chupa mnazomaliza zitoboeni. Bei iliyo chini mno kuliko ya wengine itazamwe kwa shaka, na habari ya muuzaji wa namna hiyo iletwe kwetu.

Oili chafu isifike mtoni

Mto Malaba ndio mpaka wetu, lakini maji yake hayaulizi kitambulisho. Oili inayomwagwa kwenye mtaro upande mmoja huwafikia wanaochota maji na kunywesha ng'ombe pande zote mbili. Mafundi waikusanye oili chafu kwenye pipa lenye kifuniko na kuikabidhi kwa wenye kibali cha kuichukua. Oili ikimwagika barabarani, utingo aifunike mchanga au vumbi la mbao mara moja na kuwatahadharisha wanaokuja nyuma. Doa ambalo lori la magurudumu mengi hupita bila kulihisi linatosha kumwangusha mwendesha bodaboda na abiria wake.

Neno kwa wenye malori na jamaa za madereva

Yote tuliyoyaeleza yanahitaji muda: dakika za kusubiri hewa ya breki, kilomita za mwendo wa taratibu, na mteremko wa kushuka katika gia ndogo. Muda huo dereva hawezi kuupata ikiwa tajiri anampigia simu kila baada ya dakika kumi kumuuliza amefika wapi, au ikiwa hesabu ya dizeli aliyopewa inamlazimu kutoa gia mteremkoni ili isimwishie. Ndugu mwenye lori, mpe dereva wako dizeli ya kutosha kushuka akiwa na gia, na umwambie kwa kinywa chako kwamba hutamkata mshahara kwa kuchelewa alfajiri. Mama na baba mnaomsubiri nyumbani, mkimpigia simu, mwulizeni kwanza kama amesimama.

Kwa dharura yoyote barabarani, pigeni 999 au 112. Namba hizo hufanya kazi pande zote mbili za mpaka, Kenya na Uganda. Milango ya vituo vyetu iko wazi kwa dereva anayetaka kuuliza mahali salama pa kuegesha usiku, na kwa mkazi aliyeona lori likivuja au likiteremka isivyo kawaida. Tunawatakia safari njema, na kila aliyeondoka nyumbani arudi salama.